Ng'ombe wa Baba Mdogo

Kila siku kabla ya kwenda shule, Hidaya binti Kassimu alishuka na mundu wake hadi kwenye kingo za matuta ya shamba lao, akakata majani ya kumlisha ng'ombe. Katika kijiji cha Kwembula, kilichokaa ubavuni mwa mlima juu ya barabara iendayo Lushoto mjini, ng'ombe hawachungwi. Mashamba ni membamba, yamepangwa ngazi kwa ngazi, na mnyama akiachiliwa hukanyaga karoti za jirani kabla hajamaliza za mwenyewe. Kwa hiyo ng'ombe hukaa bandani, na chakula humfuata huko huko, kikiwa kichwani mwa mtoto au mama wa nyumba.

Ng'ombe wao aliitwa Kidoti. Bi Salma, mama yake Hidaya, alimnunua angali mtamba mdogo, kwa fedha alizodunduliza kutoka katika ruzuku ambayo serikali huzipa kaya zisizojiweza. Alijinyima kitenge na alijinyima nyama, hata watu wakamcheka, kwa kuwa hawakujua anadunduliza kwa ajili ya nini. Sasa Kidoti alikuwa amezaa ndama jike, na kila asubuhi maziwa yalipelekwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Mtu aliyepita njiani angesema kwamba nyumba hiyo imeinuka. Walioishi ndani yake hawakuona hivyo, kwa kuwa bei ya pumba, ya mbolea na ya kila kitu dukani ilikuwa imeinuka haraka kuliko wao.

"Leo nimemwomba mwenye duka anipimie mafuta ya kukaangia kitunguu kimoja," Mama alisema jioni moja, akiweka makande mezani. "Akaniuliza, kitunguu kikubwa au kidogo?"

Baba alicheka kidogo tu. Alikuwa amesikia habari mbaya sokoni. Fedha za ruzuku zilikuwa zimepunguzwa, na kila kijiji kingetakiwa kuondoa baadhi ya kaya. Nyumba yenye ng'ombe wa maziwa ingekuwa ya kwanza kuondolewa.

"Nauli haipungui," akasema. "Mbolea haipungui. Kinachopungua ni sisi."

Hidaya alikuwa darasa la sita. Ada hakulipa, lakini sare, madaftari na michango ya chakula cha shule vilitoka katika ruzuku hiyo. Usiku ule alilala akiwaza la kufanya, wala hakumwambia mtu.

Siku chache baadaye, wazazi wake wakiwa shambani, alifika mkaguzi kijana aitwaye Selemani, aliyetumwa kutoka mjini kuziangalia kaya zote. Alikuwa na matope hadi magotini na simu kubwa mkononi.

"Shikamoo," Hidaya alimsalimu.

"Marahaba. Wazazi wako shambani? Haya, sitawasumbua." Alizunguka nyumba, akatazama paa la nyasi, kisha akasimama mbele ya banda. "Na ng'ombe huyu ni wa nani?"

Ni desturi ya watu wa milimani kutunza mifugo ya ndugu zao waishio bondeni, ambako majani ni haba. Mtunzaji hupata maziwa na samadi, na mwenye mali hubaki na mnyama wake pamoja na uzao wake. Hakuna anayelishangaa jambo hilo. Hidaya alilijua, na jibu lilimtoka kabla hajalipima.

"Ni wa baba mdogo Rama, anayekaa Mombo. Sisi tumewekewa tu."

"Na ndama?"

"Ndama naye ni wake."

Selemani aliandika katika simu yake. "Unajieleza vizuri, binti," akasema, akaenda nyumba ya pili. Hidaya alirudi kufua sare yake akijiona ameiokoa nyumba yao.

Mkutano wa kijiji ulifanyika katika uwanja wa ofisi. Bi Efrazia, mtendaji wa kijiji, ndiye aliyeusimamia, na Selemani akaeleza hali ya kaya moja baada ya nyingine mbele ya watu wote ili wathibitishe au wakanushe. Mwishowe ilibaki nafasi moja, na kaya zilizobaki zilikuwa mbili: ya Kassimu, na ya Bibi Tatu, mjane anayemlea mjukuu yatima.

"Kaya ya Kassimu ina paa la nyasi na mtoto anayesoma," Selemani alisema. "Ng'ombe aliyepo si wao. Ni wa Rama wa Mombo, wamewekewa. Kaya ya Bibi Tatu ina nyumba ya bati."

"Bati haliliwi," mzee mmoja alidakia, na watu wakacheka bila furaha. Kila mtu alijua kwamba bati lile liliezekwa na marehemu mwanawe, na kwamba chini yake hapakuwa na kitu.

Baba aliinua kichwa, akamtazama Mama. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kinywani mwake. Akainamisha kichwa. Bi Efrazia aliuliza kama kuna mwenye pingamizi, na kwa kuwa hapakuwa na aliyejibu, nafasi ile ikawa ya Kassimu.

Bibi Tatu alisimama, akajifunga kanga yake vizuri. "Basi, nimesikia," alisema, akaondoka taratibu.

Nyumbani Baba aliuliza, "Nani aliyesema kwamba Kidoti ni wa Rama?"

"Ni mimi, Baba."

Hakumkemea, wala hakumsifu. "Limeshapita," alisema.

"Limepita juu ya Bibi Tatu," Mama akajibu.

Wiki iliyofuata, Hidaya akiwa na mzigo wake wa majani, alimkuta Bibi Tatu akilima kibarua katika shamba la karoti la mtu mwingine. Alilima mstari mfupi, akasimama kushika kiuno, akalima tena. Vijana waliokuwa wakilima naye walikuwa wamemwacha mbali.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unatembea polepole na mzigo mdogo hivyo? Enzi zetu mzigo huo ulibebwa na paka." Akacheka, kisha kikohozi kikamkatisha. "Wasalimie nyumbani. Mwambie mama yako nimefurahi kwamba nyinyi mmepata."

Hidaya alishika njia ya nyumbani. Angeweza kustahimili matusi. Furaha ile hakuiweza. Shuleni siku hiyo mwalimu alimwita mara mbili kabla hajasikia.

Jumamosi, baba mdogo Rama alitokea ghafla, akihema kwa kupanda mlima, kamba mpya ikining'inia begani.

"Nimekuja kumsalimia ng'ombe wangu," alisema akicheka.

"Ng'ombe gani?" Baba aliuliza.

"Yule niliyepewa na mkutano mzima. Mchuuzi wa kabichi kaniletea habari mpaka Mombo. Nikasema alhamdulillahi, kumbe mtu anaweza kutajirika amelala." Alikaa kwenye kigoda, na kicheko kikapungua. "Kaka, mimi si mwizi. Lakini kodi ya chumba imepanda, na biashara ya kuuza chai stendi imekufa, watu wanakunywa kwao. Nipe ndama tu. Wakija tena kuuliza, nitasema Kidoti ni wangu, nanyi mtaendelea kuila ruzuku yenu kwa amani. Ukinikatalia, basi mimi siwezi kusema uongo wa bure."

Baba alijikuna kidevu. Ilionekana wazi kwamba alikuwa akipiga hesabu.

"Ni ndama gani huyo anayegawiwa?"

Wote waligeuka. Mlangoni alisimama Mzee Kibwana, babu yake Hidaya, aliyekuwa amekwenda Bumbuli mazikoni na ndiyo kwanza alikuwa akirejea. Kwa miaka mingi alikuwa karani wa mahakama, na hata sasa hakuvaa shati lisilopigwa pasi. Wanawe wote wawili walisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeuliza swali."

Baba na Rama walitazamana, na aliyeanza kusema ni Hidaya. Akasimama akaeleza yote, tangu mkaguzi alipokuja hadi Bibi Tatu alipoonekana shambani. Mzee Kibwana alimsikiliza bila kumkatiza.

"Ulimdanganya nani?" aliuliza alipomaliza.

"Mkaguzi, Babu."

"Mkaguzi peke yake?"

Hidaya alifikiri. "Na Bibi Tatu. Na kijiji chote." Kisha akainua uso. "Lakini Babu, hao ndio waliopunguza. Sisi tumekosa nini? Mama alijinyima akanunua ng'ombe, sasa tunaadhibiwa kwa sababu ya ng'ombe huyo. Na huku kila kitu kimepanda bei. Ni haki hiyo?"

"Swali hilo ni zuri sana," Mzee Kibwana alisema. "Ulimwuliza nani?"

"Sikumwuliza mtu."

"Naam. Swali zuri ukalificha, ukawapa jibu la uongo. Na baba yako, mtu mzima, akalipokea."

Baba alitazama chini. Rama aliichezea kamba yake. Hidaya hakuhitaji kufikiri tena, kwa maana tangu alipomwona Bibi Tatu alikuwa akilijua la kufanya. Alichokosa ni ujasiri tu.

"Jumatatu ni mkutano wa kusikiliza malalamiko," alisema. "Nitakwenda kusema."

"Tutaikosa ruzuku, mwanangu," Baba alisema kwa upole. "Unalielewa hilo?"

"Nalielewa. Nitakata majani mizigo miwili kwa siku, Kidoti aongeze maziwa."

Mama alimshika bega. "Mzigo wa pili nitakata mimi. Wewe usichelewe shule."

"Basi mimi nimefilisika kabla hata sijala," Rama alisema, akaitupa kamba chini. Hata Mzee Kibwana alitabasamu, akaamuru apewe chakula.

Siku ya Jumatatu uwanja ulijaa. Watu walikuwa na hasira, na kila aliyesimama alizungumzia bei, nauli na nafasi zilizokatwa. Hidaya aliponyoosha mkono, Bi Efrazia alisita. "Mkutano huu ni wa watu wazima, mwanangu. Mwambie baba yako akusemee."

Baba alisimama. "Mtendaji, aliyelisema neno ndiye alisahihishe. Mimi nitasema langu baada yake."

Aliporuhusiwa, Hidaya alisogea mbele. "Ng'ombe Kidoti si wa baba mdogo Rama. Ni wetu, na ndama ni wetu. Mimi nilimdanganya mkaguzi. Nafasi tuliyopata ni ya Bibi Tatu. Namwomba radhi, na ninauomba radhi mkutano."

"Mtoto wa nani huyu anayekataa hela?" kijana mmoja alisema kutoka nyuma. "Ungenyamaza tu, dada. Hela ya serikali ina mwenyewe?"

"Mwenyewe ni mimi," Bibi Tatu alimjibu bila kugeuka, "na kiuno changu kinaweza kukutolea ushahidi." Watu wakacheka, na yule kijana akajificha nyuma ya wenzake.

"Na mimi niliusikia uongo ule nikanyamaza," Baba alisema. "Kosa langu ni kubwa kuliko la mtoto."

Ndipo Mzee Kibwana alipoinuka. "Mtendaji, sisi tumekwisha kusema kweli yetu. Sasa tunaomba na hao waliopunguza waje watuambie yao. Kwa nini nafasi zikatwe mwaka ambao bei zimepanda? Na kwa nini mama aliyejinyima akanunua ng'ombe aondolewe siku ile ile, kabla ng'ombe hajamlipa? Nyumba kama hii ipewe muda wa kusimama. Na mjane asiambiwe ashindane na jirani yake kwa nafasi moja."

Uwanja mzima ulipiga makofi. Bi Efrazia alingoja watulie. "Kuongeza nafasi si uwezo wangu," alisema. "Lakini nafasi hii moja mkutano unaweza kuirejesha leo, na maswali haya nitayapeleka mjini mimi mwenyewe, pamoja na wajumbe mtakaowachagua." Nafasi ikarejeshwa kwa Bibi Tatu bila pingamizi, na wajumbe wakachaguliwa: Mzee Kibwana na Bi Salma. Bibi Tatu alipita mbele ya Hidaya, akamvuta sikio kidogo. "Hilo ni malipo ya uongo wako," alisema. Kisha akamkumbatia.

Wajumbe walirudi kutoka mjini jioni ya siku iliyofuata. Hidaya alimpokea Babu mfuko wake njiani.

"Wamesemaje, Babu?"

"Wamesema wamesikia, na watatujibu. Tumewaambia kwamba tutarudi Jumatatu ijayo, na Jumatatu nyingine, mpaka tujibiwe." Mzee Kibwana alisimama kidogo apumue. "Sikiliza, mjukuu wangu. Walipoanza kutuhoji, wa kwanza aliuliza kama watu wa Kwembula huficha mifugo. Mama yako akamjibu, 'Tulificha mmoja, nasi wenyewe tukamtaja mbele ya watu wote.' Yule bwana hakuwa na swali la pili, ikambidi aanze kusikiliza. Ukinyimwa haki, una ruhusa ya kukasirika, na una wajibu wa kudai. Lakini ukidanganya, umewapa sababu ya kukufungia mlango, na anayeumia kwanza ni jirani yako aliye dhaifu kuliko wewe. Jifunze kudai ukiwa umesimama wima."

"Jumatatu naweza kwenda nanyi?"

"Jumatatu utakuwa darasani," alisema Mzee Kibwana, akaanza kupanda tena. "Ukimaliza shule, kama bado hawajatujibu, utatuongoza."