Funguo za Stoo Zilikuwa Kifuani mwa Celestine

Nilimwona kwa macho yangu mawili. Celestine alichukua funguo za stoo juu ya kaunta, akazitia ndani ya sidiria yake...

Wasomaji wangu, nilikuwa nyuma ya marobota ya mashuka. Hakuniona.

Huyu Celestine tumetoka wote Busia. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hapa Kikuubo, soko letu la Kampala, kwenye duka la Hajji Abubaker. Miezi mitatu funguo zinanipotea, na kila mara ni yeye "anayeziokota".

"Nabangala, kichwa chako hakijatulia," Hajji ananiambia mbele ya wateja. "Ukizipoteza tena, Celestine atashika stoo."

Nikaamini naumwa. Nikaenda kliniki moja kule Mulago. Daktari Alal akasema huenda nina tatizo la kukosa umakini, hii ADHD. Akanipa daftari niandike kila ninachosahau, ndipo tuamue kuhusu dawa.

Kumbe adui ninakula naye sahani moja!

Sikupiga kelele. Nilimnong'oneza Hajja, mke wa bosi, kisha nikarudi na kujifanya natafuta.

"Celestine, dada yangu, hujaona funguo?"

"Umepoteza tena? Pole."

"Unaweza kuapa mbele ya Hajji?"

"Naapa kwa Mungu wangu."

Hajja akamvuta nyuma ya pazia. Funguo zikatoka, bado zina joto la mwili.

Alifukuzwa palepale. Akalia, akanishika gauni. Nikamtoa mkono, nikamtazama mpaka umati ukammeza.

Ilikuwa tamu... siwadanganyi.

Kesho yake nikaingia kwa daktari kifua mbele.

"Siumwi. Nilikuwa na adui tu." Nikamsimulia yote ya Celestine na funguo.

Akafungua daftari taratibu.

"Funguo ni yeye, sawa. Na pasi iliyounguza godoro?"

Nikanyoosha mkono kulifunga daftari, akalizuia.

"Na mwanao uliyemsahau shuleni, akakaa na askari wa geti mpaka jioni? Celestine alikuwa wapi siku hiyo?"

"Busia... msibani."

"Nabangala, hakukupa ugonjwa. Aliuona, akautumia."

Nililia kuliko Celestine.

Huu ni mwezi wa nne natumia dawa. Bado nasahau vitu vidogo, lakini mwanangu Wandera namchukua shuleni kwa wakati.

Celestine sijamsamehe. Akikanyaga Kikuubo leo, nitamfukuzisha tena.

Ila ndugu zangu, kumkamata adui si kupona. Ukishamalizana naye, rudi kwa daktari.