Kifua cha Pili, Jina la Dominika

Kila asubuhi Dominika alifagia uwanja, akachota maji, kisha akamwogesha mdogo wake Selestini kabla ya kwenda shule. Kazi zote hizo alizifanya huku akikohoa, na hakuna aliyeshtuka. Baba yake alikuwa akipulizia mikorosho dawa ya salfa, na vumbi lile la njano likipanda, kijiji kizima cha Chilangala kinakohoa.

"Salfa tu hiyo, itapita," mama yake alisema.

Lakini salfa gani inayomlowesha mtu jasho usiku na kumlegezea sketi kiunoni? Dominika alijua kuna jambo. Alikumbuka pia watoto walivyomkimbia mwanafunzi mwenzao Anderson alipougua kifua kikuu, hata akabaki peke yake dawatini. Basi akanyamaza.

Siku moja gari la eksirei la kupima kifua kikuu lilifika kijijini, na wanafunzi wote wenye kikohozi wakapangwa foleni. Dominika akamvuta pembeni binamu yake Pili, ambaye walilingana kimo.

"Wakiita Dominika, nenda wewe."

"Mimi? Mbona sikohoi?"

"Ndiyo maana. Nakuomba, Pili."

Pili naye hajui kukataa, akaenda. Kompyuta ikasoma picha papo hapo: mapafu safi.

Tangu siku hiyo Dominika alikwama. Akikohoa, mama anamwambia aache kudeka, kompyuta imeshasema. Akitoboa siri, Pili atachapwa, na yeye atanyooshewa vidole. Akinyamaza, kifua kinamchoma. Usiku alikohoa huku ameuma khanga, akaona hata hewa ya chumbani haimtoshi.

Kisha Selestini, aliyelala naye kitanda kimoja, akaanza kukohoa. Huyu alikuwa na miaka mitatu, mikorosho hajaikaribia. Dominika alimtazama anavyohema, ikamshika hofu kubwa kuliko ile ya kukimbiwa. Akaenda jikoni.

"Mama, ile picha si yangu. Ni ya Pili."

Mama aliacha mwiko chunguni. Hakugomba. Alimbeba Selestini mgongoni, wakapanda bodaboda wote hadi hospitali, Newala mjini.

"Shikamoo, daktari," Dominika alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu," akajibu daktari Khalidi.

Safari hii kifua kilikuwa chake. Kwenye skrini, juu ya pafu moja, pakatokea doa jekundu.

"Kompyuta hii inatumia akili mnemba," daktari alieleza. "Imefundishwa kwa picha nyingi za vifua. Ikishuku ugonjwa, inapaka rangi. Mimi naangalia tena, halafu tunapima makohozi."

Makohozi yakathibitisha: kifua kikuu. Selestini naye alipimwa, akakutwa ameambukizwa. Wote wawili wakaanzishiwa dawa, bila malipo.

"Ile ya garini ilitudanganya: alisimama binamu yake Pili, yenyewe ikasema Dominika ni mzima," mama alilalamika.

"Hapana, Mama Dominika. Ilionyeshwa kifua cha Pili, ikasema ukweli wa Pili. Ukweli wa Dominika alikuwa nao Dominika." Daktari akamgeukia Dominika. "Kuugua si kosa, mwanangu. Lakini ugonjwa ukifichwa, unapata muda wa kuingia kwa mwingine. Meza dawa kila siku bila kuruka, mtapona."

Dominika akabanwa na kikohozi. Kwa mazoea, akajaribu kukimeza.

"Usikizuie," daktari alisema, akimpa kitambaa. "Ziba mdomo, ukohoe. Hapa tumeshajua, huna cha kuficha tena."