Ski Nyeusi za Randburg

Jua lilikuwa linazama nyuma ya maghorofa ya Randburg, Johannesburg, Clémence aliposhuka kwenye teksi, akakaza koti lake, akaingia dukani kununua ski, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji.

Wateja wa saluni yake kule Yeoville walimcheka. Mtu wa Bukavu na theluji, wapi na wapi? Hawakujua kwamba yeye na rafiki yake Tania waliwahi kuwa wapishi kwenye hoteli moja ya milimani Lesotho, na huko, saa za mapumziko, walijifunza kuteleza hadi wageni wakawa wanasimama kutazama. Siku hizi walipanda kila majira ya baridi kujifurahisha tu.

Ila wageni walimtazama Tania tu.

Tania ndiye aliyekuwa na mbio. Tania ndiye aliyeolewa na Octave, mwanamume ambaye Clémence alikuwa wa kwanza kumwona.

Alexis, Mrundi aliyeuza pale, alimwekea jozi mbele yake. "Dada, kwa mtelezi kama wewe, usichukue nyembamba sana. Asubuhi zitang'ata barafu, sawa, lakini mchana theluji ikilainika zitazama. Pana sana nazo zitakuchosha kwenye kona. Hizi za kati zinakwenda kote."

"Zina mbio?"

"Mbio ni za miguu yako, dada."

Jibu lile lilimchoma. Alexis akaingia stoo kumtafutia viatu.

Ndipo harufu ikaja. Udongo. Udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi...

Penye rafu ya mwisho alisimama mwanamke aliyejitanda kitenge hadi machoni. Mkononi alishika ski nyeusi zisizo na jina wala alama.

"Na hizi zinakwenda kote," akanong'ona, kwa Kiswahili kile kile cha Bukavu. "Barafu... theluji... mawe."

"Unataka malipo gani?" Clémence akauliza.

"Jina tu."

"Langu?"

"La yule unayetaka abaki nyuma."

Angeweza kumwita Alexis. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Lakini akilini mwake alimwona Octave akimfunga Tania skafu shingoni, polepole, kama anayefunga zawadi.

"Tania," akasema.

Papo hapo ski zilikuwa mikononi mwa Clémence. Zilikuwa na uvuguvugu.

"Eish, hizo umezitoa wapi?" Alexis aliuliza aliporudi. Alizigeuza, akakuna kichwa. "Sizijui kabisa. Na ulikuwa unaongea na nani?"

Dukani hapakuwa na mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata walikuwa juu Lesotho, anga kavu, theluji inametameta. Tania alitangulia kama kawaida. Clémence akajiachia. Ski zilishika barafu, zikakata kona bila yeye kuzielekeza, zikapita juu ya theluji laini kama mkono juu ya hariri. Alicheka kwa sauti. Akamkaribia Tania, wakawa sambamba, wakatazamana.

Akampita!

Nyuma yake kukawa kimya.

Alipogeuka, Tania alikuwa amesimama katikati ya mteremko. Hakuwa ameanguka, wala hakuwa amegonga kitu. Alikuwa amesimama tu, wima, mdomo wazi.

"Clémence... siisikii miguu yangu."

Hospitalini Johannesburg walimpiga picha mifupa na mishipa. Hawakuona kitu. Clémence alizivunja zile ski, akazichoma uani, akilia. Miguu ya Tania haikuamka.

Jioni moja alikwenda kumwona kwenye fleti yao, Joubert Park, akiwa amejiandaa kuungama yote. Octave alikuwa amepiga magoti kando ya kiti, beseni la maji ya moto mbele yake, anaiosha miguu ya mkewe. Alikuwa anaiosha kidole kwa kidole, huku anamwimbia chinichini.

Clémence akayaacha maneno yake ya toba. Akaitazama ile miguu iliyokufa, na ile mikono ya Octave juu yake, na kifuani wivu ule ule ukajikunja, mchungu, unaotamani. Hata mapenzi haya amepewa yeye!

Octave alitoka kubadilisha maji.

Tania akainua uso. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa na hofu.

"Clémence," akanong'ona, "nakuomba usinitazame hivyo."

"Hivyo vipi, ndugu yangu?"

"Kama siku ile uliponipita." Tania akavuta blanketi, akajifunika hadi kidevuni. "Tulipotazamana tu... miguu ikafa."