Mkanda Mfupi wa Mashine ya Presha

Habari hii alinipa fundi cherehani wa mtaa wetu Jumatatu iliyopita, pini zikiwa bado mdomoni.

Mumewe ni mwokaji mikate. Kukanda unga kumempa mikono minene kama magogo. Daktari alimkuta na presha, akampa kidonge kimoja kwa siku. Mke akanunua mashine ya kupimia nyumbani. Lo! Mkanda haukuzunguka mkono.

"Mimi ni fundi bure?" akasema. Akaunga kipande cha kitambaa, akapiga cherehani. Ukafunga.

Kila asubuhi mashine ikasoma mia na hamsini na kitu. Fundi akaingiwa na hofu, akaanza kumpa mumewe vidonge viwili.

Siku ya nne mume akapepesuka mbele ya tanuri. Lau si meza kumzuia, angeangukia moto.

Wakaenda zahanati, mashine mkononi. Muuguzi akampima kwa mkanda wake mpana: mia na tano tu!

"Mama, nani kashona hapa?"

"Mimi. Mshono si umetulia?"

"Mshono mzuri, kipimo kibovu," muuguzi akacheka. "Ndani mna mfuko wa hewa. Umerefusha kitambaa, lakini mfuko ni wa mkono mwembamba. Basi unaonyesha presha kubwa kuliko iliyopo. Na dawa haiongezwi bila daktari, mama."

"Masikini mimi! Nusura nijifanye mjane!"

"Mke wangu, ukinichoka sema tu," mume akamtania.

Muuguzi akauliza, "Boksi limeandikwa saizi ya mkono?"

Wakaligeuza juu chini. Hakuna.

"Basi tutoe taarifa kwa ofisi inayokagua vifaa vya tiba."

"Watanikamata?"

"Kwa lipi? Watafiti hukusanya taarifa hizi. Ya mtu mmoja huonekana bahati mbaya. Zikiwa nyingi, kasoro inajulikana ilipo."

Fundi akaeleza yote, hata mshono wake hakuuficha. Mume akarudi kwenye kidonge kimoja, akawa anapimwa zahanati.

Baada ya miezi kadhaa ofisi ikatoa amri: kila boksi lionyeshe saizi ya mkono, na mikanda mikubwa ya mashine hizo iuzwe. Muuzaji mwenyewe akawaletea mkanda wao mkubwa.

Jioni ile fundi akampima mumewe: mia na ishirini na sita. Akapima tena. Ile ile!

"Sasa niache nilale," mume akasema. "Mikate hainingoji."

Punde akaanza kukoroma. "Koroma, baba, koroma," fundi akanong'ona. Akajifunika shuka, usingizi ukamchukua.