Aliyeitika Jina la Apolline

Odile alimwita mwanawe, akaitikiwa kutoka darini.

"Apolline, njoo unyonye," alisema hivihivi tu, kama mama wazazi wanavyoongea na vitoto visivyojua hata kucheka. Juu ya mbao sauti ya kike ikajibu, "Abee, mama."

Akadhani ni uchovu. Na uchovu alikuwa nao, tena usiosemeka! Mumewe yuko msituni anakata magogo, theluji imepanda hadi nusu ya madirisha, mtoto halali. Wa kumsaidia ni Shangazi Philomène peke yake, na ndiye aliyelileta jina hilo. Miaka mingi alifukua ukoo wao, kaburi kwa kaburi, hadi akamfikia askari wa kwanza aliyetoka Ufaransa kuja Kanada, na kwa binti wa askari huyo akawakuta akina Apolline wawili, mtu na mdogo wake. "Jina zuri hivi limelala bure!" alisema siku ya ubatizo, kifua mbele.

Sasa kila Odile alipoita, juu paliitika, na kila palipoitika mtoto alizidi kunyauka. Kilio chake kikafifia, vidole vikawa baridi, chumba kikanuka sufu mbichi na udongo. Udongo gani tena, jamani, na nje ardhi imeganda kama jiwe?

"Shangazi, kuna kitu nakisikia."

"Hata mimi," Philomène alinong'ona. "Nilidhani uzee."

Wakamwita mzee Anselme, yule anayezuia damu kwa dua. Alivua kofia, akasikiliza dari huku Philomène akimsimulia habari za akina Apolline wawili.

"Hao wawili waliitwaje jina moja?"

"Si mila yetu, Anselme? Mtoto akifa, anayemfuata anarithi jina. Hata kwenu mmefanya."

"Tumefanya. Wa kwanza alikufa lini?"

"Januari. Akazikwa Mei, udongo ulipolainika. Jeneza lilingoja darini humu, maana nyumba yao ni hii hii, kama kawaida ya zamani."

"Na mdogo wake kabatizwa lini?"

Philomène alihesabu kwa vidole. "Machi," akasema.

"Basi walimvua jina kabla hawajamfukia. Yuko palepale juu, anasikia akiitwa, na anayebebwa ni mwenzake. Mlitaka asiitike?"

Odile alimkumbatia mtoto, akalia kimyakimya. Nguvu za kulia kwa sauti hakuwa nazo.

Anselme alipanda ngazi na mshumaa, akamwambia wa darini kwamba jina ni lake, alichukue, aende akapumzike. Mtoto akapewa jina la pembeni, kama mababu walivyojiongezea majina walipochanganywa na wengine. Akawa Clémence.

"Lile la kwanza lisitamkwe humu tena," mzee alionya mlangoni. "Hata kwa utani. Ukimwita, umemkaribisha."

Siku ile mtoto alilia hadi vyombo vikatikisika, na masikioni mwa Odile kilio kile kilikuwa vigelegele. Harufu ikaisha. Shangazi akamchukua mjukuu, akamwambia, "Lala, mwanangu. Yamekwisha."

Odile akajinyoosha kwenye kiti chumbani, kando ya jiko la kupashia joto, mwanga wa alasiri ukififia theluji ikianguka, akazama usingizini mzima mzima, mpaka kilio cha njaa kikamfikia kwa mbali, maziwa yakaanza kumlowesha gauni, naye macho hayafumbuki, mwili mzito, mikono ikajifungua yenyewe kwa mazoea, na midomo, maskini, midomo iliyochoka kuliko yeye mwenyewe, ikasema, "Njoo, Apolline, njoo unyonye," akahisi uzito ukimpanda mapajani, akafungua kifungo, kinywa kikashika ziwa, kinywa baridi, akafikiri huyu shangazi kamweka mtoto karibu na dirisha, akamfunika kwa shali, akaendelea kusinzia, kwa mara ya kwanza ana raha.

Kutoka jikoni kilio kikapanda.

"Odile! Njoo umnyonyeshe mwanao, njaa inamuua!" Philomène alipiga kelele. "Tulia basi, Clémence. Clémence!"

Kilichokuwa kifuani kikaachia ziwa.

"Abee," kikaitika.