Zamu ya Hetty

Komeo la lango la makaburi lililia saa tisa alasiri, siku isiyo na upepo. Cyril Pask, aliyekuwa akifunga vikombe vya marehemu mama yake kwenye magazeti, alidhani ni kondoo. Lilipolia tena akachungulia dirishani. Lango lilikuwa wazi, na kondoo wa Coldwick waliuzwa zamani.

Mimi ni mzaliwa wa Coldwick, kwa hiyo nisifundishwe habari zake. Tulikuwa na nyumba kumi na moja, kinu, shule ya chumba kimoja na kanisa. Kinu kikafungwa, vijana wakafuata viwanda, na sisi wengine tukapakia vitanda tukaondoka. Akabaki Bi Winifred Pask miaka arobaini, kwanza na Cyril mdogo, kisha peke yake Cyril naye alipohamia mjini, nasi huko mjini tukisema akili hazimtoshi. Mungu atusamehe.

Kwetu, wa mwisho kuzikwa ndiye mlinzi wa lango. Halali mpaka aletwe mwingine ampokee zamu. Mwaka wa dondakoo yalifika majeneza mawili asubuhi moja: la mzee Tobias Grell, na la Hetty, binti wa Bi Winifred, miaka sita. Mama mwingine angekimbilia lango. Bi Winifred, na adabu zake, akasogea pembeni na Cyril mchanga kifuani.

"Tangulieni nyie," akawaambia kina Grell. "Mzee hawekwi foleni."

Wakatangulia. Baada ya Hetty hakuzikwa mtu tena.

Ndiyo maana hakuhama. Kila saa tisa alikwenda langoni kuongea na mwanawe. Kikohozi kilipomzidi, Cyril akaja kumchukua.

"Nizike hapa, Cyril. Niahidi."

"Haya mama, nimeahidi. Panda gari basi, baridi hii!"

Alifariki mjini Januari. Theluji ilikuwa imefunga barabara, na Cyril akajiambia kwamba maiti hajui anwani. Akamzika kulekule.

Sasa alisikia hatua ndogo zikitoka langoni, zikipita kando ya kisima, zikizunguka nyumba taratibu kama za mtoto anayetafuta mtu, na kila zilipokaribia harufu ya kafuri ilipanda, ile kafuri aliyopakwa Hetty kifuani siku zake za mwisho, mpaka Cyril akaziba pua kwa kiganja na hatua zikakoma kizingitini. Mlango ukagongwa chini, karibu na sakafu.

"Mama?"

"Hayupo," Cyril akanong'ona.

"Ulimpeleka wewe. Nilikuona." Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya koo bovu. "Anarudi lini? Alisema ataingia yeye, mimi nilale."

Angeweza kudanganya. Nampenda kwa kutodanganya.

"Nilimzika mjini, Hetty. Nisamehe, dada'angu."



"Huko kuna aliyempokea zamu?"

"Wapo. Mjini wanazikwa kila siku."

"Kwa hiyo mama amelala?"

"Amelala."

"Na mimi je?"

Kisha kilio, kile cha mtoto anayejizuia asiwasumbue wakubwa. Cyril alifungua mlango akapiga magoti. Hapakuwa na mtu. Jiwe la kizingiti lilikuwa limelowa alama mbili za nyayo, na nyayo zenyewe hazikuzidi kiganja chake.

Dereva wa lori alipofika kuchukua mizigo, alimkuta Cyril akirudisha vikombe kabatini. Cyril aliomba ruhusa ya kumfukua mama yake, wakubwa wa mji wakakataa. Basi akahamia Coldwick. Ana miaka arobaini na moja na mwili wa chuma, na kila saa tisa huenda langoni kumwomba dada yake avumilie.

Mwezi jana nilimtembelea. Tulisimama pale langoni, na nikamwuliza kama haogopi.

"Namwogopea yeye," alisema. "Mimi sina hata mafua."

Nilicheka. Kisha kafuri ikanijaa puani, komeo likainuka lenyewe, na sauti ile ya kukwaruza ikauliza chini, usawa wa kiuno changu:

"Kaka, na huyu je? Si wa kwetu huyu?"

Cyril aligeuka akaniangalia, machozi yakimtoka. Nina miaka sabini na minane. Nimekwisha kununua kaburi mjini, karibu na mke wangu, na yule mtoto bado sijamjibu.