Joka Namba Ishirini na Tano

Saa 4:20 asubuhi. Cardiff, tarehe 11 Novemba 1936.

Chumba cha nyuma cha kinyozi. Mostyn alichora ramani kwa sabuni juu ya kioo.

"Saa tano mzinga unalia. Mji mzima unasimama kimya dakika mbili, kuwakumbuka waliokufa vitani. Pugh, mwenye duka, atatoka mbele avue kofia kama wenzake. Sisi tunaingia nyuma. Mzinga wa pili ukilia, tumeshapotea."

"Na polisi?" Emlyn, dereva, aliuliza.

"Atakuwa sanamu. Mzee Idris, sefu utaimaliza kwa muda gani?"

"Sekunde hamsini."

"Uzee haujala vidole?"

"Umekula meno tu."

Wakacheka. Idris aliacha mapema.

Ndani ya sefu mlikuwa na albamu ya Nembo za Mataifa, kadi za picha zilizotiwa mojamoja ndani ya pakiti za sigara, seti nzima, pamoja na ile ya mwisho, ya ishirini na tano: joka jekundu la Wales. Kiwanda kilikosea, kikalichora likitazama kulia. Wales ikachachamaa. Kadi zikachomwa, zikasalia chache, za bei kubwa.

Gwilym, mwanawe Idris, alikuwa na kadi ishirini na nne alipopanda treni kwenda vitani. "Ukirudi utalikuta joka," Idris alimwahidi. Akavuta sigara zile chungu, pakiti baada ya pakiti, mpaka barua ya jeshi ilipofika. Hata kaburi hakuna.

Saa 4:58. Kichochoroni. Mlango wa nyuma ukasalimu amri.

Saa 5:00. Mzinga.

Mji ukazimika. Sekunde arobaini na sita, sefu wazi. Albamu. Ukurasa wa mwisho.

Idris akalichomoa joka. Mkono wa pili ukapanda wenyewe, ukavua kofia. Akasimama wima.

"Twende!" Mostyn alinong'ona.

Idris akainamisha kichwa.

"Usiniletee matanga yako hapa, mzee. Nipe hiyo kadi!"

Miaka kumi na saba Idris hakuwahi kusema neno ndani ya dakika hizo. Mostyn alimvuta vidole, havikufunguka. Akakwapua albamu, akatoka, akaubana mlango kwa nje.

"Basi wakukute wewe."

Saa 5:02. Mzinga wa pili. Pugh aliingia, akamkuta mzee kichwa wazi, machozi yakimchirizika.

Saa 5:20. Sajini Beynon alimvusha barabara akiwa na pingu, joka bado kiganjani. Mbele ya mnara wa mashujaa Idris akagoma kutembea.

"Sajini, nakuomba."

Beynon akalegeza mnyororo. Idris akalichomeka joka kati ya maua mekundu ya karatasi.

"Zimetimia, Gwil."

Sajini alimwacha apumue. Kisha akavua glovu, akainama, akalichomoa joka, akalitia kwenye bahasha.

"Samahani, mzee. Ni ushahidi."